Wanaokula Chungu Kimoja

Siku ya chai yangu ya kuagwa, Neema, binti aliyechukua meza yangu, aliniuliza mtu anakadiriaje ruzuku ya watu ambao hajawahi kuwaona. Nilimjibu kwamba huwa tunaota. Watu wakacheka, tukala keki, nikapewa saa ya ukutani ambayo mpaka leo haijaanza kutembea. Nilipofika nyumbani nikaona swali la yule binti lilistahili jibu bora kuliko lile. Jibu lenyewe ndilo hili. Ni refu, kwa hiyo anayetaka kanuni peke yake aende kabatini, zimo zote na vumbi lake.

Wale mlioajiriwa juzi hamkuikuta miaka ya tisini, acha nianze huko. Serikali ilikuwa imechoka kumtibu kila mtu bure. Zahanati zikaanza kudai mchango kwa mgonjwa, na wagonjwa wakaanza kubaki nyumbani. Ndipo likaja jaribio la mfuko wa kaya: familia inachanga mara moja kwa mwaka, inapewa kadi, na wote waliomo wanatibiwa kwa kadi hiyo. Serikali nayo inaongeza upande wake juu ya mchango wa kila kaya, na kwa kaya isiyojiweza, kama ya mjane au mzee asiye na mtu, inalipa yote. Nyongeza hiyo ndiyo ruzuku. Lazima mtu aseme mapema itakuwa kiasi gani, kabla hata kaya moja haijajiunga. Ukikadiria pungufu, zahanati inaishiwa dawa mvua zikiwa bado zinanyesha. Ukizidisha, wakubwa wanakuja na gari kutaka kujua fedha iliyobaki imelala wapi.

Nilipangiwa Mwanza, kwenye chumba kimoja chenye dirisha linalotazama ziwa. Sema ziwa lenyewe halikuonekana sana. Gugu-maji lilikuwa limefunika ghuba yote, kijani kibichi mpaka macho yanachoka, na asubuhi nyingine lilikuwa limesogea lote upande wa pili bila mtu kulisikia. Mtu mgeni angedhani ni uwanja wa mpira na angetaka kuukanyaga. Nilijizoesha kutolitazama wakati wa kupiga hesabu.

Aliyenipokea alikuwa Mzee Bugumba, Msukuma mrefu, mkimya, aliyetoka kwenye ununuzi wa pamba baada ya ushirika kuyumba. Nilikuwa nimekuja na shahada yangu na mashine ya kupigia hesabu niliyoinunua kwa kujinyima. Aliiangalia mashine, akaisifia kwa adabu, akaniambia niifungie kwenye droo na nitafute raba za kutembelea. Siku ile ile alinipeleka kwenye vilima vya mawe vya Ilemela, tukapanda mpaka nikatokwa na jasho la aibu mbele ya mzee wa umri wa baba yangu ambaye hata hakuhema.

Kule juu alinifundisha kazi. Aliniambia nisihesabu nyumba. Paa moja laweza kuwa na kaya tatu, na kaya moja yaweza kulala chini ya mapaa manne na jiwe. Kaya ni watu wanaokula chungu kimoja. Anayekula chungu hicho anahesabiwa, asiyekula hahesabiwi, awe ana undugu gani. Kwa hiyo kazi yetu ilikuwa jikoni. Tulitazama mafiga mangapi yana masizi mabichi, tukagusa majivu kwa mgongo wa mkono kujua moto ulizimwa lini, tukatazama sahani zilizoanikwa. Nilimuuliza chuo cha ualimu cha Butimba tutakifanyaje, maana wanachuo wote wanapikiwa sufuria moja. Alifikiri kwa muda mrefu kuliko swali lilivyostahili, kisha akasema hiyo ni kaya ambayo hataki kuonana na mkuu wake.

Tatizo letu kubwa lilikuwa waume. Nyakati zile kila mwanamume mzima alidaiwa kodi ya kichwa, na mgambo walikuwa wanawasaka wasiolipa. Mwanamke akiona mtu mwenye mkoba wa serikali anapanda njia, mume alikufa hapo hapo. Tulitoa pole za misiba mingi ya uongo. Ukiuliza kaburi liko wapi, unaonyeshwa kokote, na marehemu mwenyewe yuko nyuma ya choo anasubiri uondoke. Ukiwaamini wote, nusu ya kaya za mkoa zingekuwa za wajane na serikali ingezilipia zote. Mzee Bugumba alikuwa na ujuzi wa kufufua waume. Alikuwa anatazama kamba ya nguo, anauliza kwa upole suruali ile imelowa kwa jasho la nani.

Siku moja Nyegezi, karibu na maji, tulifika kwenye mji wa vibanda vitatu. Tulipiga hodi. Uji ulikuwa unachemka jikoni, redio inasema, ndala za watoto zimepangwa mlangoni kuanzia kubwa mpaka ndogo. Hakuna aliyeitika. Tukapiga hodi tena, nikasikia uji ukitokota tu. Niligusa majivu, yakaniunguza. Mzee Bugumba akaninong'oneza, "Wamo." Tukahesabu sahani, tukaepua uji usiungue, tukaondoka. Nilipogeuka njiani niliwaona. Walikuwa wamesimama ndani ya shamba la mtama, wakubwa kwa watoto, nyuso tu zikionekana katikati ya mabua, zote zimetugeukia, hakuna aliyepepesa. Nilijua ni woga wa kodi. Hata hivyo nilitembea mbele ya Mzee Bugumba mpaka barabarani, na sikugeuka tena.

Nawaeleza haya ili mjue sikuwa mtu wa kuamini vitu. Baba yangu alikuwa katekista, nyumbani kwetu mizimu haikuruhusiwa hata kwenye utani. Kilichotokea kwa Veronika nimekigeuza kila upande kwa akili zangu zote za takwimu, na bado kimekaa pale pale kilipokaa.

Kijiji chenyewe kiko ufukweni kupita Ilemela, kijiji cha wavuvi. Sitakitaja, kwa kuwa watu wake bado wanaishi. Wakati ule viwanda vya minofu vilikuwa vimefunguliwa mjini. Sangara wakubwa walikuwa wanakwenda Ulaya kwa ndege, na wenyeji wanarudishiwa mapanki, yaani kichwa na mifupa. Anayetaka samaki mzima alijivulia sato wake. Nilifika mchana, jua la utosi, peke yangu, Mzee Bugumba yuko upande wa pili wa kijiji. Nikapiga hodi kwenye nyumba ya tofali za udongo yenye vyumba viwili.

"Karibu," ikaitika sauti kutoka chumba cha ndani. Ilikuwa nzito, ya taratibu, sauti ya mwanamume anayeamka.

Nikangoja pale mlangoni, hakutoka mtu. Baadaye akaja mwanamke mwembamba kutoka kuanika dagaa, mikono inang'aa magamba. Huyo ndiye Veronika. Alinipa kigoda. Nilimuuliza wanaokula chungu chake, akawataja: yeye, watoto wake, mama mkwe wake Bibi Nyangoma, na mume wake Fabiani, mvuvi. Nikasema Fabiani nimemsikia, anaumwa? Alinitazama kwa namna ambayo sikuielewa, macho yake yakajaa kitu kama shukrani. Akasema amepumzika. Wakati naondoka niliona anaingia ndani na sahani ya ugali na samaki iliyofunikwa kwa sahani nyingine. Nikamwandika Fabiani mkuu wa kaya, mwenye nguvu, mwenye mtumbwi. Kwa mahesabu yetu kaya hiyo ilikuwa inajiweza, inachanga yenyewe na serikali inaongeza sehemu yake tu.

Jioni tulipokuwa tunalinganisha, mwenyekiti wa kijiji alisikia nalitaja jina hilo. Akaniuliza nimesema nani. Nikarudia. Akavuta kiti chake karibu na taa, na akanieleza kwamba Fabiani aliingia ziwani na nyavu zake msimu uliokwisha, na hakurudi. Mtumbwi ulikutwa umenaswa kwenye gugu-maji, nyavu zimo, kata ya kutolea maji imo, mtu hayumo. Walimtafuta mpaka wakachoka.

Nilisubiri Mzee Bugumba anicheke, nimefufua waume wengi mpaka nimepitiliza. Hakucheka. Aliniuliza tu kama niliiona sahani ikirudi. Nikamwambia sikungoja. Akasema turudi kesho.

Kesho yake Veronika hakuficha kitu. Alinieleza desturi yao. Mtu aliyechukuliwa na ziwa haombolezewi mpaka mwili urudi, au mpaka wazee wa ukoo wakae na kutamka kwamba hatarudi. Kabla ya hapo anatengewa chakula chumbani mwake kama kawaida, na mlango unafungwa. Baada ya kutamkwa, matanga yanakaa, na yakiisha mjane anarithiwa na ndugu wa marehemu pamoja na nyumba, mtumbwi na watoto. Fabiani alikuwa na mdogo wake mmoja, Sospeter. Huyo Sospeter alikuwa na wake wawili tayari, na watoto wa Veronika alikuwa ameshawagawa kwa maneno: huyu atakwenda kuchunga kwa shangazi, huyu atakaa kwangu, huyu mdogo tutaona.

Nilimweleza upande wangu. Nilimwambia kwamba nikimwandika mjane, hatachanga hata senti, serikali itamlipia yote, watoto watatibiwa. Nilijiona nimemletea jambo jema sana. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Dada," akasema, "hiyo kadi ya bure, mimi naiona ghali. Mkimwandika amekufa ninyi wa serikali, Sospeter atakuja kabla wino haujakauka."

Kisha akasema kwa utulivu kabisa kwamba isitoshe, Fabiani anakula. Kila siku sahani inarudi tupu. Nilimtazama vizuri usoni. Hakuwa anadanganya wala hakuwa amechanganyikiwa. Alikuwa anasema kama mtu anavyosema mvua imenyesha.

Bibi Nyangoma ndiye aliyenisindikiza njiani. Alikuwa mzee aliyekauka, mwepesi wa miguu, na nilipomwamkia shikamoo, marahaba yake ilinishtua. Ilikuwa sauti ile ile. Tulipofika kwenye mawe, mbali na masikio, alinishika mkono akasema kwamba aliyeniitikia karibu ni yeye, na anayekula ile sahani ni yeye. Anajua kufungua ule mlango bila mlio, Veronika akienda kwa dagaa. Nilimuuliza kwa nini. Akasema mtoto wake yuko hai. Yuko visiwani, kuna mwanamke huko, alianza kusikia habari zake hata kabla mtoto wake hajapotea. Ziwa linamrudisha mtu wake, ufukwe huu haujawahi kunyimwa mwili, na huyu hakurudishwa kwa sababu hakufa. Ipo siku atachokwa na huyo mwanamke, atarudi. Hakutaka akute nyumba yake imekaliwa na mdogo wake na watoto wametawanywa.

Niseme ukweli, nilifurahi sana. Ule ubaridi uliokaa mgongoni tangu jana ukanitoka. Lilikuwa jambo la bibi mjanja na mkwe wake anayempenda, basi, na mimi nikaahidi kunyamaza. Nilimweleza Mzee Bugumba peke yake. Alisema afadhali, ila hakusema kwa sauti ya mtu aliyepata afadhali.

Lakini maswali yetu yalikuwa yameshasikika. Haikupita muda mrefu mwenyekiti akatuita. Sospeter alikuwa amekwenda kwake na wazee wawili wa ukoo kudai kwamba hata serikali imeanza kuuliza habari za kifo cha kaka yake, kwa hiyo kitamkwe. Veronika alikuwa amewajibu kwamba ofisa wa serikali amemsikia mume wake kwa masikio yake na amemhesabu. Mwenyekiti, mtu wa kupenda amani yake, akaona huo mzigo ni wangu.

Tulikaa uani kwa Veronika, asubuhi inayokaribia mchana. Watoto walikuwa shuleni, mdogo amepelekwa kwa jirani. Sospeter hakuwa mtu wa kelele. Alikuwa amevaa shati safi, aliongea polepole, na aliniheshimu kuliko nilivyotaka. Aliniuliza kama nilimsikia kaka yake.

Bibi Nyangoma alikuwa anatazama chini. Veronika alikuwa ananitazama mimi.

"Nilisikia sauti inaniitikia karibu," nikasema. "Aliyeitika sikumwona."

Sospeter akaitikia kwa kichwa kama aliyekuwa anategemea jibu hilo. Kisha akaniuliza kaya maana yake nini kwenye kazi yetu. Nikajua ananipeleka wapi, lakini kila mtu kijijini alishanisikia nikisema, singeweza kubadilisha. Nikajibu: wanaokula chungu kimoja.

"Basi na ale," akasema Sospeter. "Mbele yenu. Akila, mhesabuni, na mimi sitakanyaga hapa tena kudai kitu. Asipokula, wazee watamke leo leo."

Veronika akakubali kabla sijafungua mdomo. Aliinuka akaenda kupika, na niliona anapika bila haraka, kama mtu ambaye ushahidi wake uko ndani umelala. Yeye hakujua. Kwake Fabiani alikuwa anakula kila siku. Na Sospeter akageuka kwa mama yake, akamwambia kwa upole kwamba leo naye akae nje pamoja na sisi, asichoke na mambo ya ndani. Sijui kama alikuwa ameshuku. Bibi akaja akakaa kwenye mkeka, ubavuni kwangu.

Mimi na Mzee Bugumba ndio tuliokikagua chumba. Kilikuwa na kitanda, jora la nyavu, kaptura kwenye msumari. Dirisha dogo lilikuwa na waya uliopigiliwa, na mchwa walikuwa wameshajenga juu ya misumari. Mlango ulikuwa mmoja. Juu kulikuwa na bati lisilo na tundu. Mzee Bugumba aliinama akatazama hata chini ya kitanda. Veronika akaweka sahani sakafuni, ugali na sato mzima wa mchuzi, akaifunika kwa sahani nyingine. Tukatoka. Mwenyekiti akafunga kufuli lake mwenyewe, akanipa mimi ufunguo.

Tukakaa. Kijiji kilikuwa kimetulia kwa namna isiyo ya kawaida, au labda ni mimi niliyekuwa nasikia kupita kiasi. Kutoka ziwani wale wadudu wadogo wa majini walikuwa wameinuka, nguzo nyeusi zinazosimama juu ya maji mpaka mawinguni, zikisogea ufukweni bila mlio. Kuku wakaingia bandani mchana ule. Bibi Nyangoma alinishika mkono chini ya kitenge chake.

"Nisamehe, mwanangu," akaninong'oneza. "Nimemponza Veronika."

Nilijua kitakachokuwa mle ndani. Ugali utakuwa umepoa, mafuta ya mchuzi yameganda, na mwanamke huyu aliyekaa mbele yangu akichambua dagaa kwa utulivu atapoteza nyumba na watoto kabla jua halijazama, kwa sababu ya sentensi yangu ya kazini. Nilitamani niwe nimekwenda kusomea ushonaji.

Ndipo niliposikia maji mle chumbani. Hayakuwa mengi. Ni kama mtu anayenawa kwa uangalifu, asimwagie sakafu. Nilimtazama Mzee Bugumba, yeye alikuwa anatazama viatu vyake. Mwenyekiti alikuwa anakuna shingo. Mkono wa Bibi Nyangoma ulinibana mpaka ukaniumiza, na nikajua na yeye amesikia.

Wadudu walipoanza kutuingia machoni, mwenyekiti akasema inatosha. Kufuli lilikuwa lile lile, limefungwa. Nililifungua mimi, kwa mkono huu. Tukaingia, mimi, mwenyekiti, Sospeter na Mzee Bugumba.

Sahani ya juu ilikuwa imewekwa pembeni, imegeuzwa vizuri. Ugali ulikuwa umekwisha. Sato alikuwa ameliwa kwa ustadi, mifupa imekusanywa ukingoni, na kichwa kimeachwa kizima katikati ya sahani. Sakafu ilikuwa kavu. Waya wa dirisha ulikuwa vile vile na mchwa wake.

Nimetafuta paka wa kumlaumu kwa miaka mingi. Nimemtafuta panya, nimemtafuta mtoto, nimefikiria kufuli la mwenyekiti na ufunguo wa pili. Paka hafunui sahani akaiweka pembeni. Na mtu yeyote wa ufukwe ule, awe mtoto au mwizi, angeanza na kichwa, ndicho kitamu chao.

Sospeter ndiye aliyekaa na kile kichwa cha samaki kwa muda mrefu. Alichuchumaa, uso wake umekuwa wa kijivu. Alisema polepole, sijui alikuwa anamwambia nani, kwamba Fabiani tangu utotoni hakuwahi kula kichwa. Alikuwa anamwachia mama. Akasimama, akapita katikati yetu, akapita katikati ya uani bila kuaga, akashika njia ya mawe. Hakurudi kudai kitu. Wazee wa ukoo wakamfuata, wakiwa wamesahau fimbo zao.

Mwenyekiti aliniambia niandike nitakavyoona na jina lake lisiwemo. Nikaandika: mume, mke, watoto, mama, kaya inajiweza. Veronika alichanga kwa dagaa wake, serikali ikaongeza upande wake, na watoto wakapata kadi. Mkaguzi wa hesabu aliyepita baadaye hakuona kasoro yoyote, jambo ambalo lilinifundisha mengi kuhusu ukaguzi.

Lakini hayo ni ya baadaye. Siku ile Veronika alinikumbatia uani, anacheka, machozi yanamtoka, ananiambia si nilikuambia dada, si nilikuambia. Na mimi nilicheka naye. Woga ulikuwepo, lakini furaha ya kuona watoto hawagawanywi ilikuwa kubwa kuliko woga. Nikamtafuta Bibi Nyangoma nimpe mkono.

Nilimkuta kwenye kibanda cha jikoni, amekaa chini, ile sahani ameipakata mapajani. Sijui aliichukua saa ngapi. Kichwa cha samaki kilikuwa bado kimo. Nilichuchumaa nikamwambia mama, Mungu amesaidia, nyumba imebaki.

"Mwanangu," akasema, na ile sauti nzito ilikuwa imekuwa ndogo, "nilipokuwa nakula mimi, nilijua yuko visiwani. Mtu aliye hai hapiti kwenye mlango uliofungwa. Leo amekula mwenyewe."

Sikuelewa mara moja. Nilielewa nilipoona anavuta ncha ya kitenge na kuijaza mdomoni. Mwili wake wote ulikuwa unatetemeka kwa kilio, na hakikutoka. Kwa watu wa pale mama akipiga ukunga, msiba umetangazwa. Majirani wangefika mbio, matanga yangekaa, na Sospeter alikuwa bado hajafika hata kwenye mawe. Bibi alikuwa amempata mtoto wake siku ile ile aliyompoteza, na hakuwa na ruhusa ya kumlilia.

Veronika alisimama mlangoni pa kibanda. Kicheko kilikuwa bado hakijamtoka usoni vizuri. Alimtazama mama mkwe wake, akaitazama sahani, na nikaona anaelewa yote kwa pamoja, ya leo na ya siku zote zilizopita. Alikokota kinu mpaka katikati ya uani, akamimina udaga, muhogo mkavu, akashika mchi akaanza kutwanga, kwa nguvu zake zote, mpaka ardhi ikawa inatikisika. Nyuma yetu Bibi Nyangoma akautoa mdomoni ule upande wa kitenge. Mchi mmoja haukutosha, kilio kilikuwa kinapenya. Nikaweka mkoba wangu chini, nikachukua mchi wa pili, tukatwanga mimi na yeye kwa kupokezana mpaka mama alipomaliza kulia.